Taa za gari la zamani zikigoma, fuata umeme hadi unakorudi

Gari la zamani likitoka kunyooshwa bodi na kupakwa rangi upya, mara nyingi hurudi na ugonjwa ambao halikuwa nao. Kromu inameremeta, milango inafunga vizuri, lakini ukikanyaga breki taa ndogo za mbele zinawaka kwa mbali, na indiketa ya kulia inacheza pamoja na taa nyekundu ya nyuma. Mwenye gari ananunua balbu mpya, hali inabaki ileile. Anabadilisha swichi, bado. Chanzo mara nyingi ni rangi yenyewe: imefunika pale ambapo chuma cha taa kilikuwa kinagusana na chuma cha bodi, na rangi haipitishi umeme.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Taa ikigoma, macho yote huenda kwenye balbu, fyuzi na swichi, yaani njia ambayo umeme huipita kwenda kwenye taa. Njia ya kurudi haina anayeijali. Kwa gari lenye umri wa miaka 40, 50 au zaidi, nasema bila kusita kwamba njia ya kurudi ndiyo ya kushukiwa kwanza, na kwamba kipimo kilichochukuliwa taa ikiwa imezimwa hakifai kuaminiwa. Mambo hayo mawili yakieleweka, karibu kila kituko cha taa za magari haya kinapata maelezo.

## Umeme unapita wapi

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi kama ipo, kisha swichi, kisha viungio vya waya, hadi kwenye balbu. Ndani ya balbu hupita kwenye uzi mwembamba sana wa tungsten, ambao hupata moto hadi ukatoa mwanga. Baada ya hapo lazima urudi kwenye betri, la sivyo hakuna kinachowaka. Ili kuokoa waya, watengenezaji waliifanya bodi ya chuma iwe ndiyo njia ya kurudi, ile ambayo mafundi huiita ethi. Holda ya balbu inafungwa kwenye bodi kwa skrubu, riveti au kipande kifupi cha waya, na bodi inaunganishwa na betri kwa waya mnene.

Gari likiwa jipya mpango huu hauna tatizo. Miaka ikipita, maji huingia kwenye taa kupitia mpira uliokauka, skrubu hushika kutu, shaba ya holda hugeuka kijani, na pale chuma kilipokuwa kinagusana na chuma hujengeka utando unaozuia umeme. Yapo pia magari ambayo bodi yake haikuwahi kupitisha umeme. Chevrolet Corvette iliyoanza kuuzwa mwaka 1953 na Lotus Elan ya mwaka 1962 zina bodi za nyuzi za kioo, hivyo kila taa inahitaji waya wake wa kurudi. Mtu aliyezoea magari ya chuma anaweza kutafuta siku nzima asielewe kwa nini kuigusisha taa kwenye bodi hakuleti kitu.

Kabla ya kushika waya wowote, jua ni upande upi wa betri ulioungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza hadi kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliunganisha upande chanya kwenye bodi, kinyume cha ilivyo leo. Balbu ya kawaida haijali umeme unatoka upande gani. Balbu za LED na flasha (vifaa vinavyochezesha indiketa) za kielektroniki zinajali sana, na huweza kuungua mara tu zikiunganishwa vibaya.

Rangi za waya nazo zina mtego wake. Kwenye magari ya Uingereza yaliyotumia mfumo wa Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya magari, waya wa kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, tena bila fyuzi, na waya mweusi ndio ethi. Kwenye magari ya Ujerumani ya zama hizo, kahawia ndiyo ethi. Fundi aliyejifunzia kwenye Volkswagen akiingia kwenye MG ya Uingereza na kuufunga waya wa kahawia kwenye bodi, atawasha moto. Kwa Lucas, nyekundu ni taa ndogo za mbele na nyuma, bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu, kijani yenye mstari wa zambarau ni taa za breki, kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa za kushoto na kijani yenye mstari mweupe ni za kulia. Wajerumani waliandika namba kwenye swichi na relei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo): 30 ni umeme wa betri, 15 ni umeme unaokuja ukiwasha swichi ya ufunguo, 31 ni ethi, 56a ni fulu, 56b ni dimu, 58 ni taa ndogo, 54 ni breki, 49 na 49a ni kuingia na kutoka kwenye flasha. Namba hizi zinasaidia kuliko rangi, maana wamiliki waliotangulia hubadilisha waya kwa rangi yoyote iliyokuwa karibu, lakini namba iliyochongwa kwenye plastiki haibadiliki.

## Taa inayowaka isipotakiwa

Turudi kwenye gari linalowasha taa ndogo ukikanyaga breki. Dalili hii inawatisha watu wakadhani waya zote zimeungana ndani ya fungu la waya, kumbe ni jambo dogo ukiliangalia kwa karibu.

Taa ya nyuma ya magari mengi hutumia balbu moja yenye nyuzi mbili: wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ndogo. Chini ya balbu kuna vitufe viwili, kila kimoja kikipokea umeme wake. Njia ya kurudi ni moja tu, nayo ni kile kikombe cha shaba kinachoshika balbu.

Sasa kikombe hicho kikose ethi. Unakanyaga breki, umeme unaingia kwenye uzi wa wati 21, unafika kwenye kikombe, unakuta njia imefungwa. Haukati tamaa. Uzi wa wati 5 nao umeungwa kwenye kikombe hichohicho, basi umeme unaupita uzi huo kinyumenyume, unapanda waya wa taa ndogo hadi mbele ya gari, unaingia kwenye taa ndogo nyingine ambazo ethi yake ni nzima, na kupitia humo unarudi kwenye betri. Ndiyo maana taa za mbele na hata zile za dashibodi zinapata mwanga hafifu. Kwenye taa yenye ubovu, uzi wa wati 21 unabaki mweusi kwa kuwa umeme unaopita ni mdogo mno kuupasha moto. Unaowaka ni ule wa wati 5. Aliye nyuma yako anaona upande mmoja umewaka vizuri na mwingine kwa unyonge.

Usiku mambo yanageuka. Ukiwa umewasha taa ndogo, waya wa taa ndogo una umeme tayari. Ukikanyaga breki, waya wa breki nao unapata umeme uleule. Kikombe kisicho na ethi kimezungukwa na volti 12 kila upande, hakuna tofauti ya kuusukuma umeme, na taa inazimika kabisa. Gari ambalo taa yake ya nyuma huzima pale unapokanyaga breki ni hatari kweli kwa anayekufuata, na dereva hawezi kulijua akiwa amekaa kwenye usukani. Mwombe mtu asimame nyuma, kisha jaribu taa zote kwa mchanganyiko: taa ndogo peke yake, breki peke yake, vyote pamoja, halafu uongeze indiketa. Ukijaribu moja moja tu, ugonjwa huu unakupita.

Kuuthibitisha ni rahisi. Chukua waya mrefu, funga ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyoungwa kwenye bodi, na ncha nyingine gusisha kwenye kikombe cha balbu. Kama vituko vyote vinakoma papo hapo, umepata jibu bila kununua chochote. Fungua holda, safisha kikombe kwa msasa laini, ondoa rangi na kutu pale skrubu inapobana bodi hadi chuma kionekane cheupe, tumia washa yenye meno ili ing'ate chuma, kisha paka grisi kidogo juu ya kiungo kilichokwisha kubanwa ili maji yasirudi. Kama holda imefungwa kwenye bati kwa riveti, huwezi kuisafisha katikati. Hapo pitisha waya wa ethi kutoka kwenye kikombe hadi kwenye skrubu nzuri ya bodi. Gari haliharibiki sura kwa waya mweusi usioonekana, na mimi ningeuweka hata kwenye gari la maonyesho.

Angalia pia balbu yenyewe kama ni ya aina inayotakiwa. Balbu ya wati 21/5 ina pini mbili zisizolingana kimo ili iingie kwa namna moja tu. Holda iliyolika au mkono wenye haraka huweza kuiingiza kinyume, na hapo taa ndogo inawaka kwa nguvu ya breki, na breki inawaka kwa nguvu ya taa ndogo. Balbu ya uzi mmoja ikilazimishwa kwenye holda ya nyuzi mbili, kitufe chake kimoja hugusa vile viwili na kuunganisha breki na taa ndogo, na unapata dalili zinazofanana sana na za kukosa ethi.

## Kwa nini mita inakwambia sawa wakati si sawa

Lalamiko la kawaida: "Nimepima, volti 12 zipo kwenye holda, lakini taa haiwaki." Mita haijasema uongo. Imejibu swali lililoulizwa, na swali ndilo lililokuwa baya.

Mita ya kisasa hupitisha umeme mdogo mno inapopima. Waya uliokatika nyuzi zote ukabaki uzi mmoja tu wa shaba unaweza kuipatia mita volti 12 kamili, kwa kuwa mita haiombi chochote. Balbu inaomba. Balbu ya wati 21 inataka karibu ampea 1.75, taa kubwa ya wati 60 inataka ampea 5, na zile mbili kwa pamoja 10. Ampea 10 zikipita kwenye njia yenye ukinzani (kizuizi cha umeme) wa omu 0.2 tu, volti 2 zinapotea njiani na kugeuka joto kwenye swichi na viungio. Kwenye taa ndogo ya wati 5 inayotumia chini ya nusu ampea, ukinzani uleule unaiba chini ya volti 0.1 na hutaona tofauti. Hii ndiyo sababu gari moja linaweza kuwa na taa ndogo safi kabisa na taa kubwa zisizoonyesha njia.

Na volti chache zilizopotea hazipunguzi mwanga kwa kiasi hichohicho. Mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti, takriban kwa kipeo cha 3.4. Injini ikiwa inazunguka na mfumo una volti 13.5, taa ikipata 11.5, umepoteza asilimia 15 ya volti lakini zaidi ya asilimia 40 ya mwanga. Kwa magari ya volti 6 ni mbaya zaidi. Volkswagen Beetle ziliendelea na volti 6 hadi miaka ya 1960, na kwenye mfumo huo wati zilezile zinahitaji ampea mara mbili, huku volti 1 iliyopotea ikiwa ni moja ya sita ya volti zote. Volti hiyo moja inaondoka na karibu nusu ya mwanga. Watu husema taa za volti 6 ni mbaya kwa asili yake. Mimi nadhani nyingi hazijawahi kupimwa ipasavyo tangu zilipotoka kiwandani.

Kipimo cha haki hufanywa taa ikiwa inawaka, balbu ikiwa ndani ya holda. Weka mita kwenye volti za umeme wa betri. Kwanza pima betri yenyewe: ikiwa imejaa na imepumzika inatakiwa iwe na kama volti 12.6, au 6.3 kwa mfumo wa volti 6. Washa taa unayoishuku. Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri inayopeleka umeme, na nyingine kwenye kitufe au pini inayoingiza umeme kwenye taa. Namba unayoisoma ni volti zilizopotea wakati wa kwenda. Kisha gusisha ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyoungwa kwenye bodi, na nyingine kwenye kikombe au pini ya ethi ya taa. Hiyo ni hasara ya kurudi.

Kwenye taa kubwa za volti 12, hasara ya kwenda isizidi nusu volti, na ya kurudi isizidi 0.2. Ukikuta volti 1.8 wakati wa kwenda, usibadilishe kitu bado. Acha ncha ya kwanza kwenye betri, na ya pili irudishe nyuma hatua kwa hatua: kiungio cha karibu na taa, swichi ya kubadili fulu na dimu, swichi kuu ya taa upande unaotoa umeme, halafu upande unaoingiza. Ukikuta volti 1.7 upande unaotoa na 0.4 upande unaoingiza, volti 1.3 zinapotelea ndani ya swichi hiyo. Kwa dakika chache umejua kifaa cha kutengeneza, na umejua pia vifaa vyote ambavyo huna haja ya kuvigusa.

Taa ya majaribio, ile yenye sindano na mkia wa klipu, si kifaa cha kudharau. Kwa kuwa inatumia umeme wa kweli, inaonyesha njia dhaifu ambazo mita inazificha. Ukiwa na ile yenye balbu ya kawaida, kwa kuulizia "umeme umefika au haujafika" inatosha na ni ya haraka.

## Swichi, fyuzi na sehemu zinazochakaa

Kwenye magari mengi ya zamani umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya dashibodi, bila relei. Vidole vya shaba vilivyokusudiwa kubeba ampea 10 vinabeba mzigo huo kwa miongo, vinapata joto, vinakuwa vyeusi, ukinzani unaongezeka na joto nalo linaongezeka. Shika swichi baada ya taa kuwaka dakika kumi. Ikiwa ya moto mkononi, volti zako zimo humo. Magari mengi ya Marekani yana kikata umeme cha joto ndani ya swichi: mzigo ukizidi, taa zinazima, kikipoa zinarudi, kisha zinazima tena. Dereva anayeona taa zake zikifanya hivyo usiku asimame mahali salama, maana kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi, na kuziba kikata umeme ili zisizime ni kukaribisha moto.

Swichi ya fulu na dimu iliyo sakafuni, ya kubonyeza kwa mguu wa kushoto, hukaa mahali pabaya kuliko zote: maji ya viatu, matope, kutu. Fulu ikiwaka na dimu isiwake, au kinyume chake, anza na hiyo.

Fyuzi za Ulaya zenye umbo la mshale na ncha mbili zilizochongoka zinaonekana nzima huku ncha zake zimeshika utando. Izungushe mahali pake kwa kidole. Taa ikirudi, tatizo ni klipu na ncha, na kuzungusha peke yake si matengenezo. Toa fyuzi, safisha klipu, zibane kidogo zirudishe nguvu, weka fyuzi mpya. Kwenye fyuzi za kioo za Lucas kuna jambo la kukumbuka: ile iliyoandikwa 35 ilikuwa inamaanisha ampea za kukatika, na uwezo wake wa kubeba mfululizo ni 17. Ukiweka fyuzi ya aina nyingine yenye kubeba ampea 35 mfululizo, waya unaweza kuungua kabla ya fyuzi kukatika. Tena usishangae ukikosa fyuzi ya taa kubwa. Magari mengi ya Uingereza hayakuwa nayo kabisa.

Taa za breki zisizowaka zote mbili kwa pamoja kwa kawaida ni swichi. Ipo ya aina mbili: ya kusukumwa na pedali, ambayo huhitaji kurekebishwa tu, na ya kusukumwa na presha ya mafuta ya breki, iliyofungwa kwenye silinda kuu au kwenye bomba lake. Hii ya pili huchoka taratibu. Mwanzoni taa zinawaka ukikanyaga kawaida, baadaye zinataka mguu mzito, mwishowe hazijibu. Chomoa waya zake mbili uziunganishe. Taa zikiwaka, swichi imekufa. Kwenye magari mengi ya Marekani yenye taa nyekundu ya nyuma inayofanya kazi ya breki na indiketa kwa uzi mmoja, umeme wa breki hupitia kwenye swichi ya indiketa ndani ya usukani. Taa ya breki ya upande mmoja ikifa na balbu ni nzima, angalia huko kabla ya kulala chini ya gari.

Taa ya rivasi ina swichi yake kwenye gia boksi, na taa ya namba ina ethi yake ndogo inayooza kama nyingine. Hazina zaidi ya hayo.

## Indiketa isiyocheza

Flasha ya zamani ni kifaa cha joto. Umeme wa balbu unapita ndani yake, unapasha kipande cha metali kinachojikunja na kukata, kinapoa na kuunganisha tena. Imepimwa kwa mzigo maalumu, kwa kawaida balbu mbili za wati 21, yaani karibu ampea 3.5. Balbu moja ikiungua, au ethi yake ikidhoofika, mzigo unapungua na mwendo unabadilika. Kwa flasha nyingi, taa inawaka na kubaki hivyohivyo bila kucheza, nyingine zinakwenda haraka. Kwa hiyo upande mmoja ukicheza vizuri na mwingine ukigoma, flasha haina hatia, kwa kuwa ni ileile inayohudumia pande zote mbili. Tafuta balbu na ethi za upande unaogoma. Pande zote zikichelewa, pima volti zinazoingia kwenye flasha kabla ya kuitupa.

Hapa ndipo balbu za LED huwachanganya watu. LED inayotumia wati 2 haiwezi kuipasha moto flasha iliyotengenezewa wati 42. Ukitaka LED, badilisha na flasha iwe ya kielektroniki, tena inayoendana na mwelekeo wa ethi wa gari lako. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, kwa kuwa mwanga wa LED nyeupe una wekundu mchache na mwingi wake unazuiwa na kioo. Nazipenda LED kwa taa za nyuma kwa kuwa zinapunguza mzigo kwenye swichi chakavu. Lakini zina tabia moja mbaya: zinawaka hata kwenye ethi mbovu, na hivyo zinaficha ugonjwa. Safisha ethi kwanza, kisha ndiyo uziweke.

## Fyuzi inayokatika kila ukiiweka

Hii ni shoti, yaani umeme unafika kwenye bodi bila kupitia balbu, na kuitafuta kwa kuchoma fyuzi moja baada ya nyingine ni kupoteza fyuzi na kuutesa waya. Toa fyuzi, na mahali pake unganisha balbu ya wati 21 kwa vipande viwili vya waya. Balbu itaruhusu ampea 1.75 tu hata kama shoti ni kamili, hivyo hakuna kitakachoungua. Kwa kuwa nayo itakuwa imefungamana na taa za kawaida, chomoa balbu za saketi hiyo kwanza. Balbu ya majaribio ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Sasa chomoa viungio kimoja kimoja, tikisa fungu la waya hapa na pale, huku mtu akiiangalia balbu. Inapozima, mkono wako uko kwenye shoti au karibu nayo.

Mahali pa kuanzia ni kila tundu ambalo waya unapita kwenye bati. Ringi ya mpira iliyokuwa inaulinda imekauka ikadondoka, na ukingo wa bati umekata ngozi ya waya. Buti ni mahali pengine, pale waya zinapojikunja kila unapofungua mfuniko. Halafu ni waya za kuvutia trela zilizoongezwa na mmiliki wa zamani kwa vile viungio vya kubana vinavyotoboa waya bila kuuchubua. Viungio hivyo huingiza maji kwenye shaba, nami huviondoa vyote ninapovikuta, hata kama taa zinawaka. Magari ya zamani zaidi yenye waya wa mpira uliovikwa pamba yana shida ya peke yake: mpira umekuwa mkavu na unapukutika ukiupinda. Waya wa namna hiyo usiutikise. Fungu zima linahitaji kubadilishwa.

## Volti zimefika, mwanga haujaja

Ukipima na kukuta hasara ni ndogo, huku taa kubwa bado hafifu, fungua taa uangalie rifleketa, lile bakuli linaloakisi mwanga. Ikiwa imefifia na kuwa ya kijivu, au ina madoa ya kutu, mwanga unamezwa humo. Usiisugue, kwani ule utando wa fedha au alumini ni mwembamba sana na utautoa wote. Ipelekwe ikapakwe upya au ibadilishwe. Marekani ilianza kutumia taa zilizozibwa, ambazo uzi, rifleketa na kioo ni kitu kimoja, kwa magari ya mwaka 1940, hasa kwa kukwepa uchakavu huu. Hizo hubadilishwa nzima. Balbu yenye uzi nayo huzeeka: kioo chake huwa cheusi kwa ndani. Ikiwa na ukungu mweupe ndani, kioo kimepasuka na hewa imeingia.

Angalia pia chaji. Gari lenye dainamo, kifaa cha zamani cha kuchaji betri, halitoi umeme wa kutosha injini ikiwa inanguruma taratibu, kwa hiyo taa kufifia ukisimama na kung'aa ukikanyaga mafuta ni tabia yake. Dainamo ya Lucas C40 hutoa ampea 22 ikiwa na kasi. Taa kubwa, taa ndogo, koili na waipa kwa pamoja zinakaribia kuzimaliza. Lakini kama taa zinang'aa kupita kiasi kwenye mwendo na balbu zinaungua mara kwa mara, pima betri injini ikiwa na kasi. Zaidi ya volti 15 maana yake regyuleta, kidhibiti cha chaji, imeharibika, na balbu zitaendelea kuungua hadi itengenezwe.

Mwishowe swali la relei. Nazipendekeza kwa karibu kila gari la zamani linaloendeshwa usiku. Waya wa zamani unaotoka kwenye swichi unabaki na kazi ndogo ya kuwasha relei, na umeme wa taa unatoka moja kwa moja kwenye betri kupitia waya wa milimita za mraba 2.5. Tumia relei moja kwa fulu na nyingine kwa dimu, fyuzi iwe karibu na betri, na kila taa iwe na fyuzi yake, ili moja ikikatika usibaki gizani. Swichi asilia inabaki mahali pake na inapoa. Ila relei haitibu njia ya kurudi. Ukifunga relei kwenye taa zenye ethi ya kutu, volti zitafika kwenye balbu kwa wingi na bado hazitapata pa kupita. Ndiyo maana kabla ya kununua relei hufunguliwa kwanza zile skrubu mbili za ethi nyuma ya taa kubwa, zikasafishwa hadi chuma kionekane, na hasara ya kurudi ikapimwa upya taa zikiwa zinawaka.